Neno "ndondocha" limefikaje Shelisheli? Krioli ya visiwani na imani za wazee wetu wa kusini

Karani wa Shangani, Mtwara, ameuliza:

Salamu kwenu nyote.

Mimi ni mkazi wa Mtwara, na msimu wa korosho ukifika hufanya kazi ya ukarani wa kuhesabu magunia yanayopakiwa melini. Ninaandika kwa sababu ya neno moja lililonikaa kichwani kwa majuma matatu sasa, na kwa kuwa humu wamo wanaojua lugha na wamo waliolelewa na wazee, nimeona niliweke mbele yenu.

Usiku huo tulikuwa katika zamu ya pili. Vibarua walikuwa wamechoka hata hawasemezani: mmoja anainamisha bega, mwenzake anamtwika, anaondoka, mwingine anakuja mahali pake, na taa za gatini zinawafanya wote waonekane wa rangi moja, rangi ya vumbi la gunia. Baharia mmoja wa meli ile, mzaliwa wa kisiwa cha Mahé huko Shelisheli, alikuwa amesimama karibu nami akiwatazama. Akatikisa kichwa, akasema kwa lugha ya kwao: "Dandosya." Nilimwuliza neno hilo lina maana gani. Tukisaidiana kwa Kiingereza chake na changu, akanieleza kwamba dandosya ni mtu aliyekwisha kufa na kuzikwa, ambaye mchawi humtoa kaburini amtumikishe, naye hufanya kila anachoamriwa bila kutamka lolote.

Mwili ulinisisimka. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Kilwa Kivinje, na tangu utoto wetu alikuwa akitukataza kuzurura magharibi kwa kututajia ndondocha. Alitueleza kwamba mtu akifa kifo cha ghafla, kisichoeleweka, huenda hakufa: kilichozikwa ni mgomba, watu wamefumbwa macho wauone kuwa ni maiti, na mwenyewe yuko kwa aliyemchukua, amekatwa ulimi, analishwa pumba, na usiku anapelekwa kupalilia shamba la mtu. Hata leo, mtu akiamka na uchovu asioujua ulikotoka, viungo vinamuuma na nyayo zina vumbi, hakosi jirani wa kumwambia kwamba amelimishwa usiku.

Nilipomtajia baharia neno letu, alinyamaza kidogo, kisha akalirudia polepole mara mbili, "ndondocha, ndondocha", kama mtu anayeonja chakula alichokula utotoni.

Ninauliza, basi. Inawezekanaje neno la bibi yangu likawa mdomoni mwa mtu wa kisiwa kilicho mbali hivyo, ambaye lugha yake, kwa maelezo yake mwenyewe, inatokana na Kifaransa? Na je, kuna maneno na imani nyingine za Krioli zilizotoka pwani yetu ya kusini, au nimekutana tu na sadfa moja nikaipa uzito usiostahili? Nitashukuru kwa majibu ya watu waliolifikiria jambo hili.

Mwalimu Mstaafu, Masasi, amejibu:

Ndugu Karani, umeuliza swali ambalo nilitamani wanafunzi wangu waniulize katika miaka yote niliyofundisha historia, na halikuulizwa hata mara moja. Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Krioli ni lugha inayozaliwa pale watu wa lugha nyingi wanapokusanywa mahali pamoja, mara nyingi kwa nguvu, wakiwa hawana lugha ya kuwaunganisha, wakaungaunga maneno ya yule mwenye mamlaka, kisha watoto wao wakaikuza lugha hiyo ya kuunga ikawa lugha kamili yenye sarufi yake. Krioli za Shelisheli, Morisi, Reunion na Haiti zimechota sehemu kubwa ya msamiati wao katika Kifaransa, lakini Mfaransa akizisikia zikisemwa kwa kasi hazielewi. Chukua neno la maji. Mfaransa husema *de l'eau*, maneno kadhaa yaliyoandamana. Waliotekwa, ambao hakuna aliyewafundisha kusoma, walisikia sauti moja isiyokatika, wakaifanya neno moja: *dilo*. Nyumba ikawa *lakaz*, mwezi ukawa *lalin*, nyota ikawa *zetwal*, kila neno likiwa limemeza kiambishi chake cha Kifaransa bila habari. Nasi tulifanya jambo la namna hiyo tulipopokea *kitabu* kutoka Kiarabu: tukaidhania *ki-* kuwa kiambishi chetu cha ngeli, na leo tunasema *vitabu* bila kusita.

Sasa njoo Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice, aliyekuwa tabibu kabla ya kuwa mfanyabiashara ya watumwa, alifika Kilwa Kisiwani akafunga mkataba na Sultani wa Kilwa. Mkataba ulisema kwamba Wafaransa wauziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20, sarafu za fedha za wakati huo, kwa kila mtu, kwa muda wa miaka 100. Mkataba wenyewe haukudumu miaka hiyo, lakini biashara iliendelea. Mashamba yaliyokuwa yakiwangoja watu hao yalikuwa katika visiwa viwili vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa: Île de France, ambayo Waingereza waliitwaa mwaka 1810 na sasa ni Morisi, na Bourbon, ambayo sasa ni Reunion. Waliopita Kilwa hawakuwa watu wa pwani pekee. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wangindo, Wamwera, na watu wa mbali zaidi hadi Ziwa Nyasa. Ukisafiri leo katika pwani ya kusini ya Morisi utakuta rasi karibu na Baie du Cap inayoitwa Macondé. Jina hilo halihitaji kutafsiriwa kwa mtu wa Newala.

Shelisheli ina hadithi yake ya ziada, nayo ndiyo inayojibu swali lako kwa ukaribu zaidi. Utumwa ulikomeshwa Morisi mwaka 1835, na Shelisheli wakati huo ilitawaliwa kutoka Morisi; lakini majahazi ya watumwa yaliendelea kutoka Kilwa Kivinje kwa miongo kadhaa baadaye. Kuanzia mwaka 1861 manowari za Waingereza zilizokuwa zikiyakamata majahazi hayo baharini ziliwashusha waliookolewa katika kisiwa cha Mahé, na kwa jumla walioshushwa walizidi 2,000. Fikiria watu hao: hawakuzaliwa visiwani, wametoka makwao juzi tu, wamefika pamoja na wenzao wa lugha moja au lugha zinazokaribiana. Kwa hiyo maneno yao hayakusagika kama ya wale waliotangulia kwa miaka 100. Mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana walifungua Mahé kituo cha watoto wa watu hao, kilichoitwa Venn's Town. Mwaka huohuo wa 1876, hapa kwetu Masasi, Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaleta watu waliokombolewa kutoka utumwani waliokuwa Zanzibar, wakaanzisha makazi ambayo mji wetu umekua juu yake. Mara nyingi nimekaa nikiwaza kwamba ndugu wawili waliokamatwa katika msafara mmoja wangeweza kuishia mmoja Masasi na mwingine Mahé.

Kuhusu neno lenyewe: ulimi uliozoea sauti za Kifaransa hauanzi neno kwa *nd*. Kwa hiyo si ajabu *n* ya mwanzo ikaanguka, ya katikati ikabaki, na *ndondocha* ikawa *dandosya*. Maana imebaki palepale hata katika jambo dogo kama ukimya wa huyo aliyefufuliwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa nataka ulibebe. Ukiyapanga maneno ya kwetu yaliyosalia katika Krioli hizo utaona hayakusalia ovyo. Jembe, bwana, shamba, kazi, sheria, mshahara: vyote hivyo vina majina ya Kifaransa, kwa sababu vilikuwa vya bwana na aliyekosea kuvitaja alipigwa. Yaliyosalia ni ya usiku na ya mapumziko, yaani ngoma, hadithi, na hofu, mahali ambapo bwana hakuwa na haja ya kuelewa kinachosemwa.

Binti wa Mikindani amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Ninaomba niongeze machache upande wa ngoma, maana baba yangu alikuwa fundi wa zeze na mimi nimekulia chini ya mlio wake.

Shelisheli wana ala ya fimbo, kibuyu na uzi, nao wanaiita *zez*. Nilipoiona kwa mara ya kwanza katika picha ya video niliita watu wa nyumbani waje kuona, kwa sababu mpigaji alikuwa amekiegemeza kibuyu kifuani mwake, akikibana na kukiachia ili sauti ifumbe na kufumbuka, kwa namna ileile ya marehemu baba. Reunion wana *kayamb*, chombo bapa cha mabua kilichojazwa mbegu, kinachotikiswa kwa mikono miwili, nasi tunaita kayamba. Hicho ndicho kinachopigwa katika maloya, ngoma ambayo huko Reunion huambatana pia na ibada za kuwakumbuka wahenga, na ambayo UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi mwaka 2009. Sega ya Morisi ilifuata mwaka 2014 na moutya ya Shelisheli mwaka 2021. Moutya huchezwa usiku, kando ya moto, na ngozi za ngoma huwambwa kwa kupashwa moto. Nani katika sisi hajawaona vijana wakizipasha ngoma kwa makuti makavu kabla ya mchezo?

Na katika ngano za Shelisheli, yule mjanja anayewashinda wakubwa kwa akili anaitwa *Soungoula*. Mwalimu, Wayao wa kwenu humwita sungura *sungula*, sivyo?

Mwalimu Mstaafu, Masasi, amejibu:

Marahaba, binti yangu. Ndivyo, *sungula*, kwa *l*. Nami nakushukuru kwa habari ya kibuyu kifuani, kwa kuwa jambo kama hilo halifundishwi kwa maandishi. Limetoka mkononi mwa mtu kwenda mkononi mwa mwingine.

Mfuatiliaji wa Lugha, Nachingwea, amejibu:

Nimesoma kwa heshima yaliyoandikwa, na sina ubishi kuhusu *dandosya*, *zez* wala *Soungoula*. Hata hivyo ninaomba tujiwekee mpaka, kwa maana nimeona mara nyingi jinsi mazungumzo ya namna hii yanavyoanza kwa neno moja la kweli na kuishia kwa madai kwamba kila kitu cha visiwani kimetoka Lindi.

Nitoe mfano wa vitendawili. Morisi mtegaji husema "Sirandann!" na wasikilizaji huitikia "Sanpek!", kama vile sisi tunavyosema "Kitendawili!" na kuitikiwa "Tega!" Kisha huuliza: *dilo dibout*, maji yaliyosimama? Jibu ni muwa. *Dilo pandi*, maji yanayoning'inia? Jibu ni nazi. Mtu wa pwani akisikia hivyo atasema mara moja kwamba hii ni akili ya kwetu, na kweli inafanana na ile ya kuliita yai nyumba isiyo na mlango. Lakini nenda Haiti, upande wa pili wa dunia, ambako wengi wa waliopelekwa walitoka Afrika Magharibi na Kongo. Huko mtegaji husema "Tim tim!" na kuitikiwa "Bwa chèch!", kisha anauliza: *dlo kanpe*, maji yaliyosimama? Muwa. *Dlo kouche*, maji yaliyolala? Tikiti. Ni kitendawili kilekile, na hakiwezi kuwa kimetoka Kilwa kikafika kote huko kwa wingi wa namna hiyo. Huenda kilizunguka pamoja na mashamba ya miwa yenyewe, kutoka koloni moja la Wafaransa hadi jingine.

Methali nazo zinadanganya. Watu wa Morisi husema *Zako pa get so lake, li get lake so kamarad*, kwamba nyani hautazami mkia wake, hutazama wa mwenzake. Nasi tunasema nyani haoni kundule. Husema pia *Lalang pena lezo*, ulimi hauna mfupa, nasi tunasema vivyo hivyo. Lakini Waarabu wanayo methali hiyo ya ulimi, na Waturuki wanayo. Binadamu wote wana ndimi na wote wameumizwa nazo, kwa hiyo kufanana kwa wazo peke yake hakuthibitishi safari ya watu.

Katika imani, mchanganyiko ni mkubwa zaidi. *Lougarou*, anayetisha watoto wa Morisi na wa Haiti, ni mtu-mbwamwitu wa Wafaransa aliyevuka bahari pamoja na mabaharia wao. *Grigri*, neno la hirizi na uganga huko Shelisheli, lilikuwa likitumika Afrika Magharibi na Wafaransa walilisambaza. *Zonbi* wa Haiti, ambaye ni ndugu wa ndondocha kwa tabia, jina lake wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kongo. Huko huaminiwa kwamba zonbi akionjeshwa chumvi hupata fahamu na kukumbuka kwao, jambo ambalo sijalisikia kwa wazee wetu kuhusu ndondocha. Morisi wanakatazana kufagia nyumba usiku wasije wakafagia riziki. Sisi pia tunakatazana. Lakini wengi wa watu wa Morisi ni wajukuu wa vibarua waliotoka India kuanzia mwaka 1834, na Wahindi nao wana katazo hilo. Limetoka kwetu au kwao? Kwa mwiko kama huo mimi nisingethubutu kusema. Tusisahau pia Madagaska, ambako walitolewa watu wengi sana tangu siku za mwanzo kabisa za visiwa hivyo.

Kwa mtazamo wangu, ushahidi mzuri ni ule ambao sauti ya neno, maana yake na historia ya watu vinakubaliana vyote vitatu. *Dandosya* inapita katika mizani hiyo, na *Soungoula* pia. Kitendawili cha muwa hakipiti.

Lipo jambo la tatu ambalo linanivutia kuliko maneno yaliyosalia wazi, nalo ni maneno ya Kifaransa yanayosema fikra za Kiafrika. Mganga wa Shelisheli huitwa *bonnonm dibwa*. Kila kipande ni Kifaransa, na maana yake neno kwa neno ni mzee wa miti. Mfaransa asingemwita tabibu wake hivyo. Lakini sisi, ambao dawa zetu ni mizizi, magome na majani na ambao tunasema mganga wa mitishamba, tunamtambua mara moja. Vivyo hivyo katika kurudufu: Krioli ya Morisi husema *rouz-rouz* kwa kitu chenye wekundu kidogo, usio mkali, kama sisi tunavyosema chungwa ni tamutamu, au mtu anatembeatembea asiende popote maalumu. Neno ni *rouge* la Kifaransa, lakini kulitamka mara mbili ili kulipunguzia makali ni mazoea ambayo Mfaransa hana. Wabantu wanayo na Wamalagasi wanayo.

Mwisho, kwa kuwa kila mjadala wa Krioli huzaa swali hili: Kiswahili si Krioli. Kimepokea maneno mengi ya Kiarabu, lakini ngeli zake, vitenzi vyake na msamiati wake wa msingi ni wa Kibantu na havikukatika. Sisi tulipokea maneno tukiwa nyumbani. Wao walipokonywa lugha wakajenga nyingine.

Mzawa wa Kivinje amejibu:

Mizani ya ndugu wa Nachingwea ni ya haki na ninaikubali. Hata hivyo, kuna jambo ambalo mizani hiyo haiwezi kulipima, na mimi niliyezaliwa mahali majahazi yale yalipokuwa yakitia nanga siwezi kulinyamazia.

Hebu tuitazame tena habari ya ndondocha, si kwa jicho la kuamini wala la kukanusha. Mtu alikuwa mzima jana, leo hayupo. Jamaa zake wanakaa matanga. Hawana mwili wa kweli, wana kitu tu cha kuzika. Baadaye uvumi unakuja kwamba hakufa, yuko mahali, analima shamba la mtu mwenye mali, hawezi kukataa, hawezi kusema, na hata ukikutana naye hatakutambua. Ukiniambia nieleze jinsi kijiji cha bara kilivyoona mtu wao akichukuliwa na msafara kwenda Kilwa, sitapata maneno yaliyo sahihi kuliko hayo. Na ule ulimi uliokatwa: mtu wa Kiyao aliyefika Mahé au Morisi, akifungua kinywa hakuna anayemwelewa. Ulimi anao lakini hauna kazi.

Sisemi kwamba imani hiyo ilianzia katika utumwa. Huenda ni ya kale kuliko utumwa. Ninasema kwamba waliochukuliwa walikuwa na hadithi moja iliyoeleza hasa kilichowapata, na ndiyo maana waliishika. Mtu aliyekuwa akilimishwa miwa hakuhitaji kueleza wenzake dandosya ni nini.

Hofu za namna hii pia zina majira yake. Mwezi Februari 1994 kimbunga Hollanda kilipiga Morisi, na umeme ulipokuwa umekatika katika sehemu nyingi ukazuka uvumi wa kiumbe wa usiku waliyemwita *Touni Minwi*, yaani uchi wa saa sita za usiku, aliyesemekana kuingia majumbani mwa watu akiwa amejipaka mafuta asishikike. Vijana walikesha na marungu. Mwaka uliofuata, 1995, Zanzibar na Pemba zikatikiswa na popobawa, na watu wakalala nje kwa makundi wakiota moto. Sidai kwamba mmoja alimzaa mwingine. Na wazee wetu hapa kusini wanakumbuka mumiani, mnyonya damu, jinsi alivyozuia watu kutembea baada ya magharibi. Kila mara ni giza, ni tetesi, ni mgeni asiyejulikana.

Ninaomba pia tuwe waangalifu tunapoyasimulia haya mbele ya vijana. Jina la ndondocha likiwa katika hadithi ni urithi. Likitajwa katika msiba wa kijana aliyekufa ghafla, huwa ni kidole kinachoelekezwa kwa bibi kizee fulani mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni na miaka mingi kuliko jirani zake. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928 na inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini sheria haifiki kila uani. Katika ukoo wetu mama mmoja alihama kijiji kwa neno hilo moja, akafa mbali na makaburi ya watu wake. Kwa hiyo ninaposikia habari za dandosya ninafurahi kwa ajili ya lugha, lakini pia ninamkumbuka yeye.

Binti wa Mikindani amejibu:

Pole sana, ndugu yangu wa Kivinje. Nilikuwa nimetaka kupendekeza tuziweke hadithi za Soungoula na za sungura wetu pamoja ili watoto wa shule wazisome kwa zamu. Bado ninapendekeza. Za ndondocha tuwaachie watu wazima, wazisikie wakiwa na mtu wa kuwaeleza.

Jambo moja zaidi kwa Karani: Krioli huko Shelisheli si lugha ya uani. Ni lugha ya taifa pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na watoto wamekuwa wakianza kusoma na kuandika kwayo tangu mwaka 1982. Morisi waliiingiza katika shule za msingi kama somo la hiari mwaka 2012. Kwa hiyo huyo baharia akikuahidi kukuandikia ngano ya kwao, usidhani anajivuna. Ataiandika kwa tahajia aliyofundishwa darasani.

Karani wa Shangani, Mtwara, amejibu:

Ninawashukuru wote. Mwalimu, nimeyasoma maelezo yako ya mkataba wa 1776 kwa sauti, mezani, nyumbani kwangu, na mke wangu aliniomba nirudie pale pa piasta 20. Ndugu wa Nachingwea, umenizuia nisiende kumwambia baharia kwamba kitendawili cha muwa ni cha kwetu, jambo ambalo kwa kweli nilikuwa nimekusudia kulifanya.

Jana nilimpigia simu bibi Kivinje. Nilimweleza taratibu, kwa kuwa masikio yake si ya zamani, kwamba kuna watu katika kisiwa cha mbali, wenye asili ya huku, ambao wanamjua ndondocha na wanamtaja kwa jina linalokaribia letu. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Mjukuu wangu, watu walipita hapa wengi. Ulidhani walikwenda mikono mitupu?"

Kisha akakaa kimya hata nikadhani simu imekatika, akaniuliza kama huko visiwani wakizika mtu wao aliyekufa ghafla, wanajua kwamba walichokizika ni mgomba, au walipofika huko hapakuwa na mtu aliyebaki wa kuwaambia. Sikuwa na jibu. Meli ya yule baharia inatarajiwa kurudi kupakia tena kabla msimu haujaisha, na swali hilo nimeliandika katika ukurasa wa nyuma wa daftari langu la hesabu ya magunia, kwa maneno yaleyale ya bibi, ili nimwulize.